Gemu Inasema Utamaduni Mwingine ni Hasara. Palermo Ilifanya Hesabu Tofauti

Kila msee aliyewahi kucheza Crusader Kings anaijua ile rangi nyekundu. Umeteka kaunti mpya (ndiyo, gemu pia inaziita kaunti, kama sisi). Unafungua picha ya mtawala wake, na kando ya jina lake kuna namba inayoonyesha anakuonaje, kutoka hasi 100 hadi chanya 100. Unaweka kishale juu ya namba ili ujue shida iko wapi. Gemu inakujibu bila aibu: wewe ni wa utamaduni mwingine, toa pointi. Wewe ni wa imani nyingine, toa pointi zingine. Hujamkosea kitu. Hujamnyang'anya ng'ombe wala bibi. Kosa lako ni kuzaliwa upande ule.

Nataka tuongee kuhusu hiyo namba, kwa sababu naamini imefundisha watu wa umri wetu historia kuliko vitabu vingi vya shule. Na inachofundisha ni kwamba watu wa aina nyingi chini ya serikali moja ni hesabu ya kutoa. Si uongo mtupu. Lakini kuna mahali palepale kwenye ramani ya gemu, mnamo miaka hiyohiyo, ambapo mambo yalienda tofauti kabisa, na vile yalivyoisha ndivyo vinavyonisumbua.

Kwa wale ambao hawajaambukizwa huu ugonjwa: Crusader Kings ni gemu ya kompyuta ya kampuni ya Paradox kutoka Uswidi. Ya pili ilitoka 2012, ya tatu 2020. Huchezi nchi, unacheza mtu. Unaweza kuwa mfalme mkubwa au kamtawala kadogo huko Ireland kwenye baridi, na ukifa unaendelea na mrithi wako. Vita si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuwaweka sawa vasali wako, yaani wale watawala wa chini waliokuapia utii lakini kila mmoja ana ardhi yake, kodi yake na askari wake. Fikiria magavana wetu wote 47, halafu kila mmoja ana jeshi na ana mpwa anayepanga kukutilia sumu. Ndiyo gemu yenyewe.

Gemu zingine za zama hizo hazijisumbui hata hivyo. Kwenye Medieval II: Total War kuna asilimia ya dini katika kila mkoa. Unajenga makanisa au misikiti, unatuma mapadre au maimamu, unangoja asilimia ikubali. Kwenye Age of Empires tofauti ya watu ni aina ya wanajeshi na bei ya ukuta. Mtawa anaimba wololo, adui anageuka rangi, maisha yanaendelea. Manze, kama watu wangegeuzwa hivyo, historia yote ya dunia ingetoshea kwenye ukurasa mmoja.

Kwa hivyo nampa Paradox heshima yake. Angalau wanakubali kwamba mtu ana lugha, ana desturi, ana kinyongo. Kwenye toleo la pili tamaduni zingine ziliweza hata kuyeyukiana: Wanormani wakiwatawala Wasaksoni, baada ya muda wanatokea Waingereza. Kwenye toleo la tatu, nyongeza ya Royal Court ya 2022 ilileta kitu kizuri zaidi. Kila tamaduni mbili zina kiwango cha kukubaliana, sifuri hadi mia. Watu wakiishi chini ya mfalme mmoja kiwango kinaweza kupanda taratibu. Ukijifunza lugha ya watu wako wanakuchukia kidogo kidogo. Na kiwango kikifika juu vya kutosha, unaruhusiwa kuunda utamaduni mseto na kuupa jina unalotaka.

Ni poa. Lakini angalia mwelekeo wa barabara zote hizo. Unamtuma msimamizi wako wa mali abadilishe utamaduni wa kaunti. Unamtuma kasisi wako abadilishe imani yake. Ukiwa mpole, unaunda mseto, na sasa nyote ni kitu kimoja kipya. Kwa njia ya kwanza unafuta tofauti, kwa njia ya pili unaiyeyusha, lakini kwa zote mbili tofauti ni deni na mchezaji mzuri hulilipa mapema. Uliza yeyote anayejua gemu hii ufanye nini na kaunti ya watu wageni. Atakwambia: badilisha, usipoteze muda.

Sasa twende Sicily.

Kisiwa hicho kiko katikati ya Bahari ya Mediterania, kati ya Italia na Tunisia. Ukianza gemu mwaka 1066 unaweza kuwa Robert Guiscard, Mnormani aliyekuwa tayari ametawala kusini mwa Italia. Wanormani walikuja huko kama askari wa kukodiwa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaona ardhi ni nzuri, wakaamua kubaki nayo. Mwaka 1061 Robert na mdogo wake Roger walivuka kwenda Sicily, iliyokuwa chini ya Waislamu kwa zaidi ya miaka 150. Palermo iliangukia mikononi mwao Januari 1072. Mji wa mwisho, Noto, ulisalimu amri 1091. Miaka thelathini ya vita, na mwishowe kikundi kidogo cha Wakristo wa Kilatini kinajikuta kinatawala Waislamu wengi wanaozungumza Kiarabu, Wakristo wengi wanaozungumza Kigiriki, na Wayahudi ambao nao pia walizungumza Kiarabu.

Kwa hesabu ya gemu hii ni maafa. Kila kaunti ni nyekundu. Tuma makasisi haraka.

Roger, yule mdogo mtu, alifanya kinyume. Mwaka 1098 alikuwa amezingira mji wa Capua, Italia bara, na jeshini mwake kulikuwa na Waislamu wengi wa Sicily. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, mmoja wa wasomi wakubwa wa Kanisa wakati huo, alikuwa karibu na kambi. Mwandishi wake, Eadmer, anasimulia kwamba wale askari Waislamu walimpenda sana Anselm, na wengi wangekubali kufundishwa Ukristo. Hawakuthubutu. Kwa nini? Kwa sababu Roger mwenyewe hakuruhusu yeyote kati yao abatizwe.

Soma hiyo tena. Mtawala Mkristo, aliyepigania kisiwa kwa jina la Kristo, anakataza watu wake wasiwe Wakristo. Kwenye gemu hakuna hata kitufe cha kufanya hivyo. Nani angekibonyeza?

Lakini ukifikiria kama Roger inaingia akilini. Askari Mwislamu hana askofu wa kumwendea. Hana makabaila Wanormani ambao ni binamu zake. Papa hawezi kumtenga na Kanisa kwa sababu hayumo ndani yake. Mtu pekee anayemlinda ni Roger, kwa hivyo ni mtu wa Roger peke yake. Na kuna pesa. Wanormani walichukua jizya, kodi ambayo Waislamu walikuwa wakiwatoza Wakristo na Wayahudi, wakaipindua: sasa Waislamu na Wayahudi ndio walioilipa. Kila aliyebatizwa angekuwa kodi iliyopotea.

Kuna hadithi nyingine kumhusu ambayo sina budi kuisimulia. Mwanahistoria Ibn al-Athir, aliyeandika zaidi ya miaka mia baadaye, anasema Wafaranki walimwendea Roger na wazo la kuvamia pwani ya Afrika Kaskazini kutoka kisiwani kwake. Roger aliinua mguu, akajamba kwa nguvu, akawaambia washauri wake kwamba hiyo ilikuwa na maana kuliko maneno yao. Kisha akawafanyia hesabu: watataka meli zangu na chakula changu, wakishindwa watarudi kunikalia, na pesa ninayopata kwa biashara na Afrika itakatika. Waende Yerusalemu kama wanataka vita. Labda ni porojo ya baadaye, lakini picha ya huyo mtu inalingana na yote tunayojua. Na kichekesho ni kwamba mwaka 2021 Age of Empires II ilipoongeza Wasicilia, teknolojia moja waliyowapa inaitwa First Crusade. Ile vita Roger hakwenda.

Alikufa 1101. Mtoto wake, Roger wa Pili, alitawazwa mfalme mjini Palermo siku ya Krismasi 1130, na hapo ndipo mambo yalinoga kabisa.

Angalia alivyojionyesha. Kwenye kanisa la Martorana kuna picha ya vijiwe ambapo Kristo anamvika taji. Roger amevaa kama mfalme wa Wagiriki na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Sarafu zake za dhahabu zina maandishi ya Kiarabu na cheo cha Kiarabu, al-Mu'tazz billah. Joho lake la hariri nyekundu, lililoshonwa Palermo mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134, lina simba wawili wanaowaangusha ngamia, na ukingoni mwake yamezunguka maandishi ya Kiarabu. Joho hilo lipo hadi leo mjini Vienna, kwa sababu baadaye wafalme wakuu wa Wajerumani walilivaa wakitawazwa. Wazungu Wakatoliki, karne kwa karne, wakitawazwa na Kiarabu mabegani. Na ndani ya kanisa la ikulu, Cappella Palatina, macho yako yakipanda kutoka kwa watakatifu wa Kigiriki ukutani yanafika kwenye dari iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mtindo wa mahakama za Kiislamu za wakati huo.

Hiyo si mapambo tu. Ofisi zenyewe zilifanya kazi kwa Kiarabu. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana raha ambayo wengine hawana, kwa sababu nusu ya maneno ya serikali hiyo tayari unayo mdomoni. Ofisi ya fedha na ardhi iliitwa diwan. Sisi tukapata diwani, yule wa wadi kabla ya wawakilishi wa sasa. Daftari la majina ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi liliitwa jarida, neno lilelile tunaloita gazeti la kila mwezi. Waziri mkubwa zaidi alikuwa amiri wa maamiri. Sisi tuna amiri jeshi mkuu. Wazungu walilibeba neno hilohilo kutoka Sicily, likageuka kwenye ndimi zao hadi likawa admirali. Amiri maarufu kuliko wote, George wa Antiokia, alikuwa Mkristo wa Kigiriki aliyekulia Syria, akawatumikia watawala Waislamu wa Mahdia huko Tunisia, akatoroka, akaajiriwa na Roger, kisha akarudi 1148 na manowari kuiteka Mahdia yenyewe. Kwenye gemu angekuwa mshauri wa utamaduni mwingine, wa namba nyekundu. Kwa Roger alikuwa mtu wa thamani kwa sababu ya huo ugeni.

Halafu kuna al-Idrisi. Huyu alizaliwa Ceuta, Afrika Kaskazini, na alifanya kazi Palermo kwa miaka mingi kumtengenezea Roger maelezo ya dunia nzima. Kitabu kilikamilika Januari 1154, wiki chache kabla ya mfalme kufa, na watu wakakiita Kitabu cha Roger. Ramani zake zina kusini juu, kwa hivyo Afrika ndiyo iko kileleni. Na ndani yake kuna pwani ya Zanj, na miji ambayo wanahistoria wengi huisoma kama Malindi na Mombasa, na habari za chuma. Yaani karibu miaka 900 iliyopita, ndani ya ikulu ya mfalme Mnormani, mtu alikuwa anaandika kuhusu Malindi. Crusader Kings ya tatu, na ukubwa wake wote wa ramani, mara ya mwisho nilipocheza ilikuwa inaishia Pembe ya Afrika. Roger alituona. Uswidi bado.

Sasa usiniambie nimemfanya Roger kuwa malaika wa maridhiano. Hapo ndipo mtandao huharibu hii hadithi: mtu anaona ile dari, anaona lile joho, anaandika kwamba Sicily ilikuwa paradiso ambapo wote waliishi kwa upendo. Tulia.

Kuna jiwe moja la kaburi mjini Palermo, la 1149, ambalo mtu akilionyesha huwa analionyesha kama ushahidi wa huo upendo. Padri mmoja aitwaye Grisandus alilitengeneza kwa ajili ya mama yake, Anna. Lina lugha katika herufi nne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Ni kitu kizuri sana. Lakini liangalie vizuri. Kila maandishi yako kwenye kisanduku chake, na kila kimoja kinahesabu mwaka kwa kalenda yake. Hayajachanganyika. Yako kando kando, na yanayoyashikilia pamoja ni jiwe.

Ufalme ulikuwa hivyo pia. Sheria za Roger, za karibu 1140, zinasema wazi kwamba watu mbalimbali chini yake wabaki na desturi na sheria zao, mradi zisipingane na amri za mfalme. Waislamu walikuwa na kadhi wao. Wagiriki na waamuzi wao, Walatini na wao. (Sisi Kenya tunaelewa mpango huo vizuri. Mahakama za kadhi ziko kwenye katiba yetu kwa sababu ya makubaliano ya zamani ya ukanda wa pwani, mkataba wa 1895 kati ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar.) Gemu inadhani mwisho wa tofauti ni mseto. Roger hakutaka mseto wowote. Mseto ungemharibia. Watu watatu wasioweza kuungana bila yeye wanamhitaji yeye, na mfalme anayehitajika na kila upande hana haja ya kupendwa na upande wowote.

Kwa hivyo ndiyo, alipata chanya mahali gemu inaweka hasi. Swali ni nani aliyebeba gharama.

Ishara ya kwanza ilikuja akiwa bado hai. Philip wa Mahdia alikuwa towashi aliyekulia ikulu, Mwislamu aliyebatizwa, na kamanda wa manowari. Mwaka 1153 aliteka mji wa Bône, Annaba ya leo nchini Algeria. Aliporudi alishtakiwa kwamba ni Mwislamu kwa siri. Roger alimchoma moto hadharani mjini Palermo, na ilikuwa Ramadhani. Mtu wa mfalme peke yake, nilisema hapo juu. Basi siku mfalme akikuacha, huna mwingine.

Hapa nina neno kidogo na sisi. Kila serikali ikiundwa Kenya, tunahesabu majina: hawa wamepata mawaziri wangapi, wale wamepata wangapi, tuna mtu wetu juu au hatuna. Crusader Kings inafanya hivyohivyo: vasali mwenye nguvu anataka kiti kwenye baraza, ukimpa ananyamaza. Ikulu ya Palermo ilikuwa imejaa watu wa kila aina. Matowashi wenye asili ya Kiislamu walishika hazina. Mkulima wa Kiislamu kule vijijini alipata nini kutoka kwa hao watu wake walio juu? Tuendelee.

Mwaka 1160 makabaila walimuua waziri wa Mfalme William wa Kwanza, Maio wa Bari. Mwaka uliofuata wakamkamata mfalme mwenyewe ndani ya ikulu. Mara tu mlango ulipovunjika, watu waligeukia Waislamu wa Palermo: kwenye maduka, kwenye ofisi za kodi, mitaani. Mwandishi wa zama hizo anayejulikana kama Hugo Falcandus anaongeza jambo ambalo linaniuma: Waislamu hao walikuwa wameamriwa mwaka uliotangulia wakabidhi silaha zao kwa serikali. Serikali ndiyo ingewalinda, si ndiyo? Mashariki mwa kisiwa ilikuwa mbaya zaidi. Huko walikuwa wamekaa wahamiaji kutoka kaskazini mwa Italia, wakiitwa Walombardi, walioletwa na Wanormani wenyewe. Walishambulia vijiji vya Waislamu na kuua bila kubagua umri.

Zingatia hao Walombardi. Chuki hiyo haikutokana na namba iliyozaliwa nayo mtu. Kulikuwa na ardhi. Kulikuwa na wageni waliotaka zaidi, na makabaila waliotaka kukata mkono wa mfalme kwa kukata watu wake. Gemu inaanza na chuki kama hali ya hewa, ipo tu, na kazi yako ni kuipunguza. Sicily inaonyesha chuki ikitengenezwa, na unaweza hata kusema nani aliitengeneza na kwa faida gani.

Mfalme aliokolewa, ikulu ikarudi kazini, na kwa nje ikang'aa kuliko zamani. Desemba 1184 msafiri kutoka Andalusia, Ibn Jubayr, akirudi kutoka Hija, meli yake ilivunjika karibu na Messina. William wa Pili, mjukuu wa Roger, alikuwepo, na aliwalipia Waislamu maskini nauli ya kuletwa nchi kavu. Ibn Jubayr anashangaa: mfalme huyu anasoma na kuandika Kiarabu, na anawaamini Waislamu kwa kila kitu mpaka jikoni. Anasimulia kwamba kulipotokea tetemeko la ardhi, mfalme aliwasikia wanawake na watumishi wa ikulu wakimlilia Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Walipomwona wakaogopa. Akawaambia kila mtu amwombe yule anayemwabudu. Mjini Palermo aliona wanawake Wakristo siku ya Krismasi wamejifunika na kuvaa kama wanawake wa Kiislamu.

Lakini Ibn Jubayr alikuwa na masikio. Watumishi wa ikulu walimwambia wanaficha imani yao. Alikutana na baba aliyetaka kumwoza binti yake kwa yeyote kati ya mahujaji, ili tu atoke kisiwani. Kwenye skrini, mwaka 1184, kiwango cha kukubaliana kingekuwa juu sana. Huyo baba alikuwa anaona kitu ambacho skrini haionyeshi.

William alikufa Novemba 1189 bila mtoto. Waislamu wa Palermo walishambuliwa tena, na waliobaki wakakimbilia milima ya magharibi. Waliishi huko kama waasi kwa miaka mingi, na mwishowe chini ya kiongozi aliyeitwa Muhammad ibn Abbad, hadi Frederick wa Pili, mjukuu mwingine wa Roger, alipowavunja nguvu miaka ya 1220. Ibn Abbad aliuawa. Watu wake walisombwa na kupelekwa Lucera, Italia bara, mbali na bahari na mbali na jamaa zao wa Afrika.

Na huko Lucera, Frederick alirudia mchezo uleule wa baba wa babu yake. Aliwaacha na misikiti yao, akawatoza kodi, akawafanya walinzi na askari wake, kwa sababu Papa alipomtenga na Kanisa hao hawakujali. Msomi akipenda anaweza kuita huo ni uvumilivu. Walidumu karibu miaka 75, kutegemea nani alikuwa anawahitaji. Agosti 1300, Mfalme Charles wa Pili wa Anjou aliamua anahitaji pesa zaidi kuliko askari. Mji ulivunjwa. Watu wakauzwa utumwani.

Turudi kwenye kompyuta. Sidhani dawa ni Paradox kugeuza hasi kuwa chanya, waseme sasa tofauti ni bonasi, kila kaunti ya wageni ikuletee dhahabu. Huo ungekuwa uongo wa upande mwingine, na Roger angeupenda sana. Shida yangu ni kwamba gemu inaangalia kutoka kitini tu. Maoni yanayohesabiwa ni ya vasali: watu wenye ardhi na majeshi. Wakulima ni kaunti. Kaunti ina utamaduni mmoja, imani moja, rangi moja, kana kwamba Palermo nzima ingeweza kuwa kisanduku kimoja tu cha lile jiwe la kaburi. Kwenye Crusader Kings ya tatu mkulima hupata jina na sura siku anapoongoza uasi tu. Ibn Abbad angepata. Yule baba wa binti, hapana.

Mwaka 2024 gemu iliongeza tarehe mpya ya kuanzia, 1178. Sicily ya William wa Pili iko pale, tajiri. Mwaka huohuo wa 1178, ofisi ya mfalme ilitoa jarida la Waislamu ambao William alikuwa anawakabidhi, wao na ardhi yao, kwa monasteri mpya ya Monreale. Ni ngozi halisi, ipo. Ina majina ya wenye nyumba kwa Kiarabu, mmoja mmoja, wengine kwa jina la baba, wengine kwa kazi yao au asili yao, kwa sababu mfalme alitaka kujua kila mmoja anadaiwa nini. Wasee wa kutengeneza mod, mnaopewa lawama kwamba mnaongeza farasi na mapanga tu: orodha ya wahusika mnayo tayari. Waingizeni, na muwape hiyo namba ya kusema wanamwonaje mfalme wao.